Vitoweo vya Kuwaachia

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimerudisha sufuria ya mwisho ya majirani. Tangu tulipomzika Mama mwezi Juni, watu wa mtaa wetu hawakutuacha jioni hata moja. Walileta kisamvu, walileta maharage, walileta samaki wa ziwani, na kazi yangu mimi ilikuwa kupika wali na kusema asante. Sasa wametutazama, wakaona tunasimama, nao wamerudi kwenye majiko yao. Ni haki yao.

Mtihani wa kumaliza sekondari niliufanya wiki iliyopita. Sina tena shule ya kwenda, kwa hiyo jiko ni langu. Wali si kazi. Mtoto yeyote wa hapa Antsirabe anajua kupika wali. Kazi ni kitoweo. Jua likianza kushuka lazima uwe umeshajua wali wa leo utaliwa na nini, na wa kesho usiliwe na kile kile. Mama hakuwa akirudia kitoweo ndani ya juma. Sikuwahi kumwuliza anafanyaje. Nilikuwa nasoma.

Jioni: mayai na nyanya. Baba alikula, hakuongeza. Mdogo wangu Miangaly, ambaye ana miaka kumi, alikula huku ananitazama.

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Mbele ya watu maneno yananikimbia, hata mbele ya watu wa kwetu.

Jumanne, 5 Agosti

Mayai na vitunguu. Miangaly amesema kuku wa mji huu wataomba likizo.

Alhamisi, 7 Agosti

Baridi kali. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe na ngumu, zinalia chini ya ndala.

Mama Ravaka, rafiki wa Mama, anauza mboga mkabala na nyumba yetu. Nilisimama mbele ya mafungu yake mpaka wanawake wawili wakaja, wakanunua, wakaondoka, mimi bado nimesimama. Akaniambia mchicha hauumi, niunyooshee tu mkono. Wauzaji wenzake wakacheka. Mmoja akasema atakayenioa ataoa bubu wa mayai. Kumbe mtaa mzima unajua habari za mayai. Miangaly huyo.

Mama Ravaka alinichagulia fungu la mnavu, akanimiminia uduvi mkavu kwenye gazeti, akanieleza: kitunguu kwanza, halafu uduvi, halafu maji, na mnavu uingie maji yakiwa yanachemka.

"Na usifunike, mwanangu," akasema. "Ukifunika unakuwa mweusi, unakuwa mchungu, halafu mtasema Mama Ravaka anauza dawa za minyoo."

Sikufunika. Baba aliongeza wali. Mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi Bakoly alipiga simu kutoka Antananarivo. Ni dada mkubwa wa Baba, na akipiga simu hata jirani anamsikia. Aliuliza kama bado nakitaka kile chuo cha maabara. Nikasema ndiyo. Akaniambia nirudie, maana hiyo ndiyo niliyoisema ni kama nzi kapita.

Nakitaka sana. Tangu mwalimu wetu alipotuonyesha tone la damu chini ya kioo, nilijua kuwa ipo kazi ya kutazama vitu vidogo kwa makini, mahali pa kimya, bila kuongea na watu wengi. Shangazi anasema nikifaulu mtihani nitakaa kwake na chumba kipo. Atakuja kunichukua mwanzoni mwa Oktoba. Halafu akataka kuongea na Baba. Nilimwona Baba anasikiliza, anasikiliza, mwisho akasema, "Tutaona, dada," akanirudishia simu.

Shangazi aliniuliza swali moja kabla ya kukata: nikiondoka, mdogo wake na Miangaly watakula nini? Si kwamba alikuwa ananikataza. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Jumatatu, 11 Agosti

Jibu ninalo. Nitawaachia vitoweo.

Nimewaza siku mbili. Lazima viwe rahisi kiasi kwamba Miangaly atavipika akitoka shule, juu ya jiko moja la mkaa, sufuria ya wali ikiwa imeshateremshwa na kuvikwa kitambaa isipoe. Visiwe na mafuta mengi ya moto, maana yatamrukia. Viwe vya namna nyingi, ili Baba asikalie sahani ile ile mpaka achoke. Tena Baba ajifunze viwili au vitatu vya kupika mwenyewe. Mnavu na uduvi kimeshapatikana. Mayai, ndiyo, lakini mara moja kwa juma. Vingine nitavitafuta.

Karanga za kusaga ndani ya majani ya kunde: leo. Nzuri. Nilizidisha maji.

Jumatano, 13 Agosti

Viazi na karoti na kipande cha nyama ya kukaushwa kwa moshi. Miangaly alimenya viazi mpaka vikawa kama shanga.

Jumamosi, 16 Agosti

Tangu asubuhi magari yanapita na watu juu, bendera, filimbi na ngoma. Ni majira ya kufungua makaburi na kuwabadilisha marehemu sanda. Watu wanacheza njia nzima, wanakwenda kuwaona watu wao. Sisi zamu yetu bado sana. Mama ni mgeni mno kule ndani. Miangaly aliuliza kama huko anasikia baridi. Baba aliacha kula, akatazama nje, kisha akala tena.

Njugu mawe na nyama kidogo ya nguruwe. Zinachukua muda mrefu kuiva. Si za siku ya kazi. Nimeziondoa.

Jumatano, 20 Agosti

Miangaly anajifunza upesi kuliko mimi. Leo maharage aliyaloweka mwenyewe asubuhi, akayainjika mchana, na wakati wa kutia nyanya alinisukuma kwa kiuno kama mwanamke mtu mzima. "Toka jikoni kwangu, dada," akasema. "Nenda kaangalie damu yako."

Nilicheka. Halafu nikatoka uani nikasimama kidogo.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilimwomba Baba anitazamie wali wakati nakwenda kununua chumvi. Si kupika, kutazama tu. Nilipanga kuanzia hapo, kidogo kidogo. Niliporudi, wali unanuka moshi, Baba yuko karakana yake anakata pembe za ng'ombe za vijiko na vitana vyake. Alisema alisahau.

Tulikula wa juu. Wa chini alikula mbwa wa jirani.

Jumanne, 26 Agosti

Nilimwomba aoshe mchele. Akasema mteja anasubiri vitana. Hakukuwa na mteja.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimefaulu. Majina yalibandikwa ukutani na nililiona langu kabla ya kufika karibu. Mama Ravaka alipiga vigelegele pale pale kwenye mboga zake, akawaambia wenzake, mnamwona bubu wenu. Yule aliyenicheka siku ile alinipa karoti tatu bure.

Nilimwendea Baba karakana. Alikuwa ameshika kijiko juu ya makaa, anakikunja. Nikamwambia. Alisema, "Vizuri, Haingo. Vizuri sana." Alikitazama kile kijiko, na kijiko kikapita kiasi, kikakunjika kupindukia. Sijawahi kumwona akiharibu kijiko.

Miangaly alipika soseji na nyanya kusherehekea. Baba alikwenda kulala mapema.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekasirika, na nitaandika hasira yangu ilivyo.

Baba anafanya kazi ya pembe. Anatengeneza vijiko, vitana, ndege wadogo wa kuweka mezani. Pembe ya ng'ombe hailainiki bila moto, na moto ukizidi inaungua. Hakuna mtu mtaani anayeyajua makaa kama yeye. Anaweka kiganja hewani juu ya jiko, anajua. Halafu mtu huyo anasema hawezi kutazama wali. Leo nilimwekea kila kitu tayari: mchele umeoshwa, mboga zimekatwa, maji yamepimwa. Nikamwambia, Baba, njoo tu uone ninavyofanya. Alikuja mpaka mlangoni. Aliiona sufuria juu ya jiko. Akasema kichwa kinamwuma, akarudi.

Nimeanza kufikiri kwamba hataki. Asipojifunza, mimi siwezi kuondoka, na anajua. Ni hila ya kimya. Nimepata wapi ukimya wangu, kama si kwake?

Sikuweka chumvi ya kutosha na sikujali.

Jumatatu, 8 Septemba

Majani ya boga. Miangaly aliongea kwa ajili ya watu wote.

Ijumaa, 12 Septemba

Jioni mbaya kwa ajili ya jambo dogo.

Nilimwachia Miangaly jioni nzima peke yake, kama jaribio. Mimi nilikaa kwa Mama Ravaka nikimsaidia kufunga mafungu. Wali ulikuwa mzuri, kitoweo kizuri, mchicha na nyanya na kidogo cha nyama. Tukala. Tukamaliza. Baba akakaa na kikombe chake mbele yake, anasubiri maji ya ukoko.

Miangaly alikuwa ameshaiosha sufuria.

Alikuwa ameipakua yote na kuisugua kwa mchanga ing'ae, ili nikirudi nione alivyo hodari. Ukoko wote, ule wa rangi ya dhahabu ambao ungetiwa maji na kuchemshwa, alikuwa ameubandua akawatupia bata. Nyumba ya kwetu haijawahi kumaliza mlo bila maji ya ukoko. Hata siku ya msiba yalikuwepo. Unakula, unamiminiwa, moto, yana harufu ya wali ulioungua kidogo tu, unakunywa, na ndipo mtu anaweza kuinuka. Mama ndiye aliyekuwa akitumiminia, Baba wa kwanza.

Baba alikaa na kikombe. Sisi hatukujua tuinuke au tukae. Mwisho alikigeuza kikombe chini juu, taratibu, akatoka.

Miangaly alilia mpaka akapata kwikwi. Anasema ameuharibu mlo wa Baba na kwamba mimi nikienda ataharibu yote. Nilimwambia ni ukoko tu. Lakini sikulala vizuri. Hakuna mtu ambaye angemfundisha kuuacha ukoko. Ni kitu ambacho unadhani kila mtu anakijua.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Nilikwenda kwa Mama Ravaka mchana. Kulikuwa hakuna wanunuzi, jua lilikuwa kali, baridi imeondoka kabisa na vumbi limeanza. Alikuwa ananyunyizia mboga maji. Aliniuliza habari za safari, na mimi, sijui kwa nini, nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba Baba hataki kujifunza hata kuosha mchele. Kwamba anafanya makusudi ili nibaki. Sijawahi kumsema Baba kwa mtu wa nje. Mashavu yalikuwa yanawaka.

Mama Ravaka aliacha kunyunyiza.

"Nani hajui kupika?" akaniuliza. "Naivo?"

Naivo ni jina la Baba. Nikasema ndiyo, yeye.

Akaketi juu ya ndoo yake, akanivuta niketi karibu. Aliniambia mambo ambayo alidhani nayajua.

Mama alilazwa hospitali kuanzia Mei mpaka siku ile. Sisi wawili tulikuwa tukiruhusiwa Jumapili tu, kwa sababu ya mitihani yangu, ndivyo Mama mwenyewe alivyotaka. Hospitali haipikii wagonjwa. Ndugu wanapika uani, kila mmoja na jiko lake la mkaa, chini ya bati. Hilo nilikuwa nalijua. Nilidhani Baba ananunua chakula kwa wanawake wa pale. Mama Ravaka alikwenda mara nyingi kupeleka mboga, na anasema aliyekuwa akipika ni Baba. Kila jioni, mwanamume peke yake katikati ya wanawake. Walimtania sana mwanzoni. Walimwita bibi harusi. Baadaye waliacha, wakawa wanamwazima chumvi na vitunguu, maana waliona hapiki ovyo. Mashendea, wali laini wenye maji mengi kwa ajili ya mgonjwa, pamoja na mnavu. Siku nyingine karoti za kusaga. Siku nyingine mchuzi wa kuku uliochujwa kwa kitambaa. Hakurudia, anasema Mama Ravaka. Kila siku alimjia na swali: leo nimpikie nini ambacho bado hajakikataa?

"Na Mama alikuwa anakula?" nikauliza.

"Mwanzoni kijiko kimoja kimoja," akasema. "Mwishoni hapana, mwanangu. Mwishoni alikuwa anaonjeshwa tu."

Nikakumbuka. Baba alikuwa akirudi jioni na sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa akisema, hiki kimebaki, kuleni. Tulikuwa tunakula, mimi na Miangaly. Tulikuwa tunagombania. Miangaly alikuwa akisema chakula cha hospitali ni kitamu kuliko changu.

Sufuria ilikuwa inarudi imejaa. Kila siku inajaa zaidi. Sikufikiri.

Mama Ravaka alinipa mboga na hakutaka nimlipe. Jioni sikuweza kupika mnavu. Nilipika mayai, na Miangaly hakufanya mzaha wowote.

Ijumaa, 19 Septemba

Mchicha. Naiona ile sufuria ndogo kwenye rafu, juu kabisa, nyuma ya mabakuli. Nani aliiweka pale?

Jumatano, 24 Septemba

Nilikwenda karakana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ijumaa: kwamba nimejua, kwamba naomba radhi kwa niliyoyawaza, kwamba si lazima ajifunze chochote. Nilisimama kando ya meza yake. Karakana yote inanuka pembe iliyoungua, harufu kama ya nywele. Maneno yakanikimbia kama kawaida. Nilisema tu, "Baba, Mama Ravaka ameniambia habari za hospitali."

Aliendelea kusugua kitana.

"Alikuwa akisema chumvi imezidi," akasema. "Kila siku. Naivo, chumvi imezidi. Nikapunguza, nikapunguza, mwisho nikaacha kuweka kabisa. Ukionja ni kama maji. Bado akasema imezidi."

Akapuliza unga wa pembe.

"Nikaona basi, mimi siwezi."

Nilitaka kumwambia kwamba ulikuwa ni ugonjwa, kwamba ulimi wa mgonjwa hubadilika, nilisoma. Nilichukua kitambaa nikawa nafuta vitana vilivyokwisha, yeye anasugua, mimi nafuta, mpaka Miangaly alipotuita kula.

Jumapili, 28 Septemba

Mijakaranda imeanza kuchanua barabara ya stesheni. Miangaly anaweza vitoweo sita peke yake, na ukoko anauacha. Kila anapopakua anasema kwa sauti, ukoko kaa hapo.

Mimi sijui tena nataka nini. Nikiwaza maabara, naona mikono ya Baba inakigeuza kikombe. Shangazi anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Shangazi Bakoly alifika mchana na kikapu, mwavuli, na maneno. Alimshika Baba mabega akasema amekuwa kama kitana chake mwenyewe, yamebaki meno tu. Alimkagua Miangaly masikio. Mimi aliniambia nifunge mzigo leo, basi linaondoka Jumatatu asubuhi. Alileta kuku, jogoo mzito, akasema leo tunakula kama watu.

Nilimpika mwenyewe kwa tangawizi, bila kitu kingine, kama Mama. Tuliketi. Shangazi aliomba dua fupi. Nikapakua.

Kuku ana mgawanyo wake, na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Mabawa na miguu ya watoto. Kile kipande cha nyuma, kitako chenye mafuta, ni cha mzazi wa nyumba. Hakigawanywi, hakiombwi. Mtoto akikila kwa siri anachapwa, na mtu mzima akipewa amepewa heshima yote. Nilimwekea Baba, kama ambavyo Mama alikuwa akimwekea. Nikachukua bawa langu.

Baba alikitazama. Kisha akakichukua kwa kijiko, akanyoosha mkono juu ya meza, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula wewe," akasema. "Nyumba hii sasa wewe ndiye unayeishika."

Shangazi aliacha kutafuna. Miangaly alinitazama mimi, halafu Baba, halafu mimi. Kila mtu pale mezani alielewa. Anayekila kile kipande ni mzazi wa nyumba, na mzazi wa nyumba hafungi mzigo Jumamosi akapanda basi Jumatatu. Tena hakikataliwi. Sijawahi kusikia kimekataliwa. Baba hakuwa na uso wa kuamrisha. Macho yake yalikuwa yamelowa, na kijiko chake bado kilikuwa juu ya sahani yangu.

Nilifikiri nitakula. Nasema kweli. Niliinua kijiko nikiwa nafikiri, basi, nitakula, nitabaki, nitampikia mpaka achoke. Ingekuwa rahisi kuliko kusema.

Nikakichukua kile kipande nikakirudisha kwenye sahani yake.

"Baba," nikasema, "mimi bado ni mtoto wako."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini hakuna aliyeniambia nirudie.

Baba alikaa. Mafuta yalikuwa yanaganda kando ya wali. Hakukila. Aliinuka kabla ya maji ya ukoko, akatoka uani, na tukamsikia anazoa makaa karakana ingawa hakukuwa na kazi. Nilidhani Shangazi atanigombeza kwa kumwaibisha mdogo wake mezani. Alinisogezea sahani yangu.

"Hakukukataza," akasema taratibu, kwa sauti nisiyoijua kwake. "Amekuomba. Na wewe umemjibu. Kula bawa lako."

Nililila. Halikuwa na ladha yoyote.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya kanisa nilikuwa nafunga mzigo. Baba alikuja akasimama mlangoni pa jikoni. Alikuwa ameshika ile sufuria ndogo, ameishusha mwenyewe.

Akaniuliza, "Mashendea, maji hutiwa kiasi gani?"

Anajua. Alipika mashendea kila jioni, Mei nzima na Juni mpaka mwisho. Nilimtazama, naye hakuangalia pembeni, alisubiri. Nikamweleza. Nilimweleza pole pole, kama kwa mtu ambaye hajawahi kuona mchele: vikombe vingapi, moto uwe wa namna gani, ukoroge lini. Alitikisa kichwa kila mahali kama mtu anayejifunza.

"Na mnavu?"

Nikamwambia haufunikwi.

"Haufunikwi," akarudia. "Na chumvi?"

Nikashika kikopo cha chumvi, nikakirudisha mahali pake. Ikabidi aniambie mwenyewe. Akasema, "Nitakuwa namwonjesha Miangaly. Yeye atasema."

Aliwasha jiko. Nilinyoosha mkono kuchukua mwiko, naye akaniambia nikae. Nilikaa kwenye kigoda cha Mama, nikamtazama anavyoweka kiganja juu ya makaa kabla ya kuinjika. Miangaly alisimama karibu yake akimwelekeza kila kitu kwa kelele, na yeye alisema ndiyo mama, ndiyo mama.

Sitaandika kilikuwa kitamu kiasi gani.

Jumatatu, 6 Oktoba. Antananarivo

Tumefika alasiri. Chumba ni kidogo na dirisha linatazama ukuta. Shangazi amepika maharage na soseji, na ameniambia mtu aliyesafiri haulizwi kama anataka kuongeza, anaongezewa tu. Alinimiminia maji ya ukoko mimi wa kwanza, kwa kuwa leo mimi ni mgeni. Nilisema asante, na alinisikia.

Nje giza linaingia. Majiko ya mtaa mzima yamewashwa, moshi unapanda mlimani, na kila ninapopumua nasikia harufu ya kitoweo cha mtu mwingine. Nimefungua daftari niandike cha leo, kama kawaida. Nimekaa na kalamu.

Sijui nyumbani wamekula nini.